Kabla hujanunua chuma, tazama ngazi yake

Kila Januari simu yangu hujaa picha za madukani. Mmoja kaona jozi ya dambeli, mwingine mashine ya mtumba yenye kamba na kapi, wa tatu kamwagiwa zege kwenye makopo na fundi wa mtaani. Wote wanauliza: "Kocha, hii inafaa?" Nami huwarudishia swali: ukishaizoea, utaongeza nini?

Nguvu hupatikana kwa kuongeza mzigo kidogo kidogo, mwili uzoee, uongeze tena. Kwa hiyo mimi uzito wa kifaa leo haunishughulishi sana. Natazama ngazi yake, yaani hatua iliyopo kati ya uzito huu na ule unaofuata.

Chukua dambeli. Unainua kilo 10 kila mkono juu ya bega, na dukani zinazofuata ni 12.5. Kilo mbili na nusu zinasikika ndogo, lakini hiyo ni robo nzima ya mzigo wako. Bega haliruki hivyo. Sasa chukua chuma kirefu chenye jumla ya kilo 40: ukichomeka sahani, yaani duara la chuma lenye tundu katikati, ya kilo 1.25 kila upande unafika 42.5, nyongeza ya kama asilimia 6. Ndiyo sababu kwa kuchuchumaa na kuinua mzigo kutoka sakafuni sijaona kinachokishinda chuma kirefu. Kile cha mashindano kina kilo 20 kikiwa kitupu, cha wanawake 15, na ncha zake zina unene wa milimita 50. Vyuma vya bei nafuu vina ncha nyembamba zaidi, kama nusu ya hizo. Beba rula dukani, maana nimeshaona mtu akirudi nyumbani na sahani zinazocheza kwenye chuma kama bangili kwenye mkono wa mtoto.

Aliyepanga chumba kimoja hana pa kuweka chuma cha zaidi ya mita 2. Huyo namshauri dambeli za kufungua, zenye sahani ndogo ndogo. Kama anazo za uzito mmoja tu, aongeze idadi badala ya kilo: aanze na mara 8, apande mpaka 15 bila kuyumba, ndipo aguse nzito zaidi.

Vyuma vya zege navipenda, na wala sioni haya kusema hivyo. Tizi langu la kwanza nilipiga na bomba la maji na makopo mawili ya rangi. Kopo la lita 4 likijaa zege hutoa kilo 9 hadi 10 hivi. Tatizo liko kwenye hiyo "hivi". Kijana mmoja aliniletea chuma chake akilalamika kwamba bega la kulia linamuuma. Tukayapeleka makopo kwenye mizani ya muuza mchele, tukakuta upande mmoja umezidi mwingine kwa zaidi ya kilo moja. Amekuwa akikisukuma kikiwa kimepinda kwa miezi, akidhani mkono wake ndio dhaifu. Dawa ilikuwa vifuko vya mchanga vya nusu kilo: viwili upande mwepesi, vikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Vifuko hivyo hivyo ndivyo vikawa ngazi yake baadaye, kimoja kila upande. Ila zege halishuki taratibu likikushinda, kwa hiyo usilale chini yake peke yako.

Kuhusu mashine, namba zilizoandikwa kwenye matofali yake, vile vipande vya uzito vilivyopangwa, zisikuvimbishe kichwa. Kamba ikipita kwenye kapi inayotembea, kilo 40 hugeuka 20 mkononi, na wewe unavuta kamba mara mbili ya urefu. Ndiyo maana mtu anakuwa simba kwenye jimu hii na paka kwenye ile ya jirani. Mashine inakuongozea njia, jambo zuri kwa anayerudi baada ya jeraha. Misuli hujengeka vizuri tu huko. Lakini nguvu hukaa pale ulipoifundisha: anayesukuma kwa miguu akiwa ameegemea kiti bado anaweza kuyumba akibeba gunia.

Mipira ya kuvuta ni nyepesi mwanzoni mwa mvuto na nzito mwishoni. Chora mstari wa chaki sakafuni uliposimama. Ukirudi nyuma nusu hatua, umeongeza mzigo. Usiiache juani, hupasuka. Na ninyi wa pwani, chuma pia kipakeni mafuta, chumvi ya bahari haina huruma.

Ngazi fupi kuliko zote, hata hivyo, sijaikuta dukani. Mama mmoja mwenye miaka sitini na ushee alikuja na binti yake, akiogopa hata kugusa vyuma. Nikamwamkia, nikamwuliza anataka nini hasa. "Niinuke kwenye kigoda bila kushikwa, na nibebe ndoo yangu," akasema. Tulianza na kukaa na kuinuka kwenye kiti. Kisha nikampa madumu mawili ya lita 5, kila moja na lita moja ya maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kikombe cha robo lita ni robo kilo, na mimi sijaona dambeli inayopanda kwa hatua hiyo. Kila wiki mbili anamimina kikombe kimoja kila dumu, binti anaandika ukutani.

Sasa yuko lita 3 na nusu. Anasema madumu yakijaa atadai dambeli za rangi ya waridi kama za mkwewe.