Mategemeo ya programu katika Linux: kwa nini sasisho huleta vifurushi usivyoviomba

Tegemeo ni kifurushi (programu au sehemu ya programu iliyofungwa tayari kuwekwa) ambacho programu nyingine inakihitaji ili ifanye kazi. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kwa mfano, hutumia maktaba (msimbo wa kushirikiwa) ya OpenSSL kusimba mawasiliano, na maktaba hiyohiyo hutumiwa na programu nyingine nyingi. Ndiyo maana ukiandika apt upgrade, amri ya kusasisha programu, kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni matoleo ya Linux, chini ya majina uliyoyazoea yaweza kutokea mageni.

Mengi hayana neno. Keneli (kiini cha mfumo) mpya huja kama kifurushi chenye jina jipya, ili ya zamani ibaki diskini endapo mpya itagoma kuwaka. Mengine ni mapendekezo tu, ila apt huyaweka pamoja na yale ya lazima usipoongeza --no-install-recommends.

Lipo pia tegemeo linaloingia kwa uamuzi wa watu, na hili ndilo la kuangaliwa. Chukua kivinjari cha Chromium. Katika Ubuntu 20.04, iliyotoka Aprili 2020, kifurushi cha chromium-browser hakina kivinjari ndani yake. Ni ganda tupu: kinaiita snapd, programu inayoweka vifurushi vya aina nyingine viitwavyo snap, kisha snapd inapakua Chromium kutoka duka la Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu. Uliomba kivinjari, umepewa pia mfumo wa pili wa kuweka programu, unaojisasisha kwa ratiba yake. Canonical walisema kutunza snap moja ni kazi nyepesi kuliko kuijenga Chromium upya kwa kila toleo la Ubuntu, na hoja hiyo ina uzito. Linux Mint, inayojengwa juu ya Ubuntu, haikuridhika. Mint 20 ilikuja na faili iitwayo nosnap.pref, inayoizuia apt kuweka snapd mpaka mwenye kompyuta aamue mwenyewe. Kwangu mimi Mint walifanya haki, kwa sababu mashine ni ya mtumiaji na ridhaa yake huombwa kabla.

Basi kabla ya kubonyeza Y, soma sehemu ya vifurushi vipya. Amri zenyewe zinatofautiana: apt-get upgrade haiongezi kifurushi kipya, apt upgrade huongeza, na apt full-upgrade huweza hata kuondoa vilivyopo. Ukitaka kuona tu kitakachotokea bila kubadilisha chochote, tumia apt -s upgrade. Na ukikuta kitu usichokijua kimeshaingia, weka aptitude, programu nyingine ya kusimamia vifurushi, kisha andika aptitude why snapd; itakutajia kifurushi kilichoiita, na kilichokiita hicho, hadi kwenye chanzo.