Je, wajua? Flamingo huweza kusimama kwa mguu mmoja hata akiwa maiti

Tulikuwa Ziwa Nakuru na watoto wa gredi ya sita, kijana mmoja akaniuliza mbona yule flamingo amelala kabisa, kichwa kiko mgongoni, mguu mmoja kaukunja tumboni, na bado haanguki. Nikamjibu chap chap ati ana misuli ya nguvu na anapumzisha miguu kwa zamu, alafu kwa kujiamini nikaongeza kwamba goti lake hukunjika kinyume na letu. Yote mawili ni uongo, na hilo la goti ndilo linaniuma zaidi maana nimekula kuku maisha yangu yote.

Angalia kuku vizuri (kama umetoka Kakamega, kwa wapenda kuku, somo hili unalijua kuliko mimi). Kuna paja, chini yake kile kipande unachoshika mkononi ukila, ambacho ndicho muundi wake, alafu chini kabisa ile sehemu ya magamba na kucha inayouzwa kama miguu ya supu. Goti ni pale paja linapokutana na muundi, na linakunjika kwenda mbele kama lako. Sasa pale muundi unapokutana na magamba ni kifundo cha mguu, yaani ile fimbo yote ya magamba ni wayo uliorefuka na kisigino kiko hewani. Flamingo ni hivyo hivyo, amevutwa tu. Kile tunachoita goti katikati ya mguu ni kifundo, goti lenyewe limejificha huko juu ndani ya manyoya kando ya tumbo, na siku zote anatembea kwa vidole kama mtoto anayenyata usiku kuiba sukari.

Sasa kusimama. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walichukua mizoga ya flamingo, wakashika mguu mmoja kwa chini ukiwa wima, na mwili ukakaa juu yake bila kuporomoka. Hakuna msuli unaofanya kazi hapo, ndege amekufa! Lakini wakiuweka mguu vile unavyokaa akisimama kwa miwili, viungo vinalegea.

Fikiria boda boda imeegeshwa stage. Ikiegemea stendi ya pembeni, uzito wa pikipiki ndio unaoibana stendi isirudi, lakini ukiinyanyua ikawa wima, stendi inaning'inia tu na ukiigusa kwa kidole cha mguu inajikunja. Flamingo akiinua mguu mmoja, ule uliobaki unaingia ndani kwa mshazari mpaka kidole kinakuwa chini ya katikati ya mwili, na uzito wa mwili unaelemea mbele ya lile goti la siri, hivyo uzito wenyewe ndio unaokaza goti na nyonga visikunjike. Na si kufuli, kwa sababu ukisukuma kiungo upande ule mwingine kinaachia bila shida. Hata flamingo wachanga walio hai, wakipimwa wamesimama juu ya mzani maalum, waliyumba zaidi wakiwa macho kuliko wakisinzia. Mimi nikisinzia kwa matatu ya Kisumu naangukia jirani.

Ila mizoga hiyo ilikuwa michache, tena ya flamingo wa Chile, si huyu wetu mdogo. Na hii inaeleza anavyoweza, haielezi kwa nini anapenda. Matthew Anderson na Sarah Williams waliwachunguza flamingo wa Karibiani kwenye bustani ya wanyama ya Philadelphia wakaona husimama kwa mguu mmoja zaidi wakiwa majini, na joto likipanda wanapunguza, kwa hivyo huenda wanazuia joto la mwili lisipotee. Sawa, lakini wengi wa wetu walihamia Ziwa Bogoria maji ya Nakuru yalipopanda, na Bogoria kuna chemchemi zinazotokota, ingawa si ziwa lote, kwa hivyo hapo hoja ya baridi inachechemea kidogo.

Yule kijana nilimpelekea jibu lililonyooka wiki mbili baadaye, na mguu wa kuku wa supu juu ya dawati. Nikamwonyesha ile ncha ya juu, hiki ndicho kifundo. Akauliza kama anaweza kukila.