Fitina za Kasri kwa Sikio: Shika Siri, Majina Yatakuja

Riwaya ya fantasia yenye vita na majoka humvumilia msikilizaji wa kitabu cha sauti. Ukikatizwa dakika tano na konda anayedai nauli, ukirudi utakuta joka bado linachoma mji, na hujapoteza kitu. Riwaya ya fitina za kasri haivumilii hivyo. Kijakazi anayesema neno moja huku ameshika sinia, wakati Coaster inavuka matuta ya Usa River, ndiye atakayekuja kumng'oa waziri mkuu saa kumi na mbili za usikilizaji baadaye. Kama hukumsikia, anguko la waziri litakujia kama radi ya kiangazi na utadhani mwandishi amekosea.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu vitabu hivi vya sauti ni majina: ni mengi, ni ya kigeni, yanafanana. Ni kweli. Lakini anayejaribu kuyashika yote katika saa ya kwanza huchoka kabla ya sura ya nne na kufuta faili. Dawa ni kuacha kuyafukuza majina na kushika siri. Kasri la riwaya laweza kuwa na watu hamsini wanaotajwa, ila siri zinazoendesha kitabu kizima hazizidi tano au sita. Mfalme ni mgonjwa kuliko raia wanavyoambiwa. Mrithi hakuzaliwa na mfalme. Hazina ni tupu. Barua iliyotoka mpakani ilifunguliwa njiani, ikasomwa, ikapigwa nta upya. Kila watu wawili wanapokutana chumbani, jiulize: hapa nani anajua, nani hajui, na nani anajifanya hajui? Ukiwa na jibu, jina la msemaji laweza kukuponyoka na bado ukaelewa kinachotendeka.

Chukua mfano niliotunga mwenyewe. Baraza limeketi, kuna sauti sita mezani. Mtunza hazina anasema maghala ya mji yana ngano ya miezi mitano. Amiri anasema basi, jeshi liondoke kesho. Mama yake mfalme haongei. Msimulizi anasema tu kwamba aliigeuza pete yake kidoleni. Tukio lote halifiki dakika moja. Sasa, sura tatu nyuma, mpishi alimgombeza kijana kwa sababu mkate wa watumishi umeanza kuchanganywa na unga wa maharage. Aliyesikia jikoni anajua mtunza hazina anadanganya. Aliyesikia pete anajua mama mfalme analifahamu hilo na ameamua kunyamaza. Kwa hiyo jeshi linapelekwa kufa njaa, na aliyelipeleka si amiri. Hakuna atakayekueleza hayo waziwazi hadi katikati ya kitabu. Huo ndio utamu wenyewe wa aina hii ya riwaya, na ndiyo sababu naithamini kuliko fantasia za mapanga: msikilizaji anapewa ushahidi kabla ya hukumu.

Watumishi wasikilizwe kwa makini kuliko wafalme. Fitina haipiti hewani. Inabebwa na mtu: anayeonja chakula, anayepeleka barua, anayeshika funguo, anayelala karibu na mlango. Mwandishi mzuri huwataja mapema na kwa ufupi. Mtumishi akipewa jina, au akielezwa mikono yake, usimpuuze.

Tumia kadi. Karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili inatosha na inakaa mfukoni. Gawanya safu nne: cheo, jina, anamtii nani, anajua nini. Mistari isizidi kumi na miwili. Hilo ni la lazima, kwa sababu kadi yenye watu thelathini huisomi tena. Mtu akifa au akitoka mjini, mfute, nafasi yake mpe mwingine. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. Iandikwe kwa penseli, maana itabadilika kila baada ya saa mbili au tatu. Sikiliza saa mbili za kwanza bila kuandika chochote, kisha zirudie ukiandika. Kuzirudia si hasara: katika kitabu cha saa ishirini na mbili unaongeza asilimia tisa tu ya muda, na unaokoa zile saa kumi na tano za kuuliza "huyu tena ni nani?"

Kuhusu majina, sisi tuna faida. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo jina lolote la kasri la kubuni laweza kuandikwa jinsi sikio lilivyolipokea. Usihangaike na tahajia ya mwandishi. Ukisikia Tarevina, andika Tarevina. Huenda kitabuni lina herufi mbili zisizotamkwa, na hazikuhusu. Tatizo huja pale mtu mmoja anapoitwa kwa njia nne katika sura moja: msimulizi kwa jina lake, watumishi kwa cheo, adui kwa ukoo, mama kwa jina la utotoni. Kanuni yangu ni kwamba jina jipya linalotoka kinywani mwa ndugu au adui lishukiwe kwanza kuwa la mtu wa zamani. Weka alama ya sawasawa kwenye kadi, na alama ya kuuliza mbele yake hadi uhakikishe.

Vyeo ni rahisi zaidi, kwani lugha yetu imeshiba ngazi za utawala: liwali, akida, jumbe, diwani, kadhi, amiri. Vigeni vichache vinastahili kueleweka barabara. Kansela kwa kawaida ndiye mwenye muhuri, na amri isiyo na muhuri ni maneno tu. Regenti ni kaimu wa mfalme, anatawala kwa sababu mfalme ni mtoto, mgonjwa au hayupo. Daima muulize, siku mtoto akikua, huyu atapoteza nini? Msimamizi wa nyumba ya mfalme huonekana mtu mdogo, lakini yeye ndiye anayeamua nani aingie na nani asubiri nje, na katika kasri kukaribia sikio la mkubwa ni mamlaka kamili.

Msikilizaji wa Moshi hahitaji kwenda mbali kuelewa hilo. Uchaga wa miaka ya 1890 ulikuwa na umangi mwingi uliopakana, yaani tawala ndogondogo, kila mangi (mtawala) na washauri wake, wapinzani wake na hesabu zake na maofisa wa Kijerumani waliokuwa wamejenga boma. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na wanaosimulia miaka ile hawaachi kutaja jinsi Mangi Marealle wa Marangu alivyokuwa karibu na maofisa hao. Aliyekua akisikia habari hizo tayari anajua swali la kuuliza anapofungua riwaya: nani anazungumza na mgeni mwenye bunduki, kwa lugha gani, na kupitia mkalimani yupi?

Uchawi nao uingizwe kwenye kadi kama siri nyingine. Nguvu zake si muhimu kama mipaka yake. Je, mchawi wa kasri anaweza kusikia kupita ukuta? Anaweza kumlazimisha mtu aseme kweli? Kama anaweza, kila uongo baada ya hapo lazima uwe na njia ya kumkwepa, na mwandishi ataificha njia hiyo mahali fulani. Basi.

Sasa sauti yenyewe, maana vitabu vingi vinaharibikia hapa.

Msimulizi wa Kiingereza husoma takriban maneno 150 kwa dakika, yaani 9,000 kwa saa. Riwaya ya maneno 200,000 ni saa ishirini na mbili hivi. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Kwa gari linalosimamasimama, weka saa mbili. Kwa hiyo kitabu kimoja ni safari kumi na moja, kwenda au kurudi. Faili ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde (kiasi cha data kinachobeba kila sekunde ya sauti) hula megabaiti 28.8 kwa saa, hivyo kitabu chote ni kama megabaiti 634. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, 64 inatosha kabisa. Ukichukua 128 unalipa bando mara mbili bila sikio kupata lolote. Kwa 32 herufi za s na f huanza kufanana na mchanga unaomwagwa, na minong'ono hupotea. Kwenye riwaya za namna hii minong'ono ndiyo kila kitu, kwa hiyo usishuke huko.

Kama kitabu kimekatwa sura kwa sura, angalia majina ya faili kabla ya kuanza. Faili zilizoitwa 1, 2, 3 hadi 40 hupangwa na baadhi ya simu kwa mtindo wa 1, 10, 11, 12, kisha 19, 2, 20. Utasikia mazishi ya mfalme kabla ya kusikia sumu, na kwa kuwa waandishi hawa hupenda kurukaruka wakati, unaweza kwenda saa nzima bila kugundua. Zipe majina upya: 01, 02, 03. Usitumie programu ya muziki pia. Husahau ulipoishia, na ile alama ya kuchanganya nyimbo ikiguswa mfukoni umekwisha. Tafuta programu ya vitabu vya sauti inayorudi nyuma yenyewe sekunde kumi hadi thelathini kila unapositisha, na uiruhusu kwenye mipangilio ya betri isizimwe na simu.

Kuna kitufe kimoja nakuomba ukizime leo: kile cha kuruka ukimya. Kwenye mihadhara kinasaidia. Kwenye kasri kinaua. Kwanza, mwisho wa tukio katika kitabu cha sauti huoneshwa kwa ukimya wa sekunde mbili au tatu tu. Ukiukata, malkia aliyekuwa bustanini anaonekana kuendelea kusema akiwa gerezani, na utamhesabia maneno ya mtu mwingine. Pili, mtu anapoulizwa "ulikuwa wapi jana usiku?" na msimulizi akasubiri kidogo kabla ya jibu, kusubiri huko ndiko jibu.

Kasi iwe ya kawaida kwa robo ya kwanza ya kitabu. Baadaye vita na safari vinaweza kwenda 1.25, ambayo hupunguza saa ishirini na mbili kuwa kumi na saba na nusu hivi, lakini mabaraza, hukumu na karamu zirudishwe kwenye 1.0. Kushuka chini ya 0.85 hakusaidii, sauti inaanza kuvutika kama mpira.

Ngurumo ya Coaster iko chini, na inameza sauti nzito: amiri na waziri wazee hupotea huku wanawake na watoto wakisikika. Watu hupandisha sauti hadi mwisho, nao ni mwendo mbaya. Vaa hedifoni ndogo zenye mpira unaoziba tundu la sikio vizuri. Kisha, kama programu ina kisawazishi (equalizer, sehemu ya kurekebisha sauti nzito na nyembamba), punguza masafa yaliyo chini ya hezi 150 na uongeze desibeli tatu kati ya hezi 2,000 na 4,000, yanakokaa makali ya konsonanti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na wapenzi wa vitabu virefu hufika saa hizo upesi. Stendi, acha sikio moja wazi. Mvua kubwa ikianza kupiga bati, sitisha; kelele yake imetanda masafa yote na hakuna marekebisho yatakayoishinda.

Nyumbani chagua kazi ya mikono isiyo na kelele wala hesabu. Kumenya ndizi za mtori au kuchambua maharage kunafaa hata kwa sura ngumu ya baraza. Kukaanga hakufai, na kupiga hesabu za duka hakufai kabisa.

Msimulizi mjaribu kwa sampuli kabla hujalipa. Usipime kama sauti yake ni nzuri. Pima kama unaweza kutofautisha wanawake wawili wa rika moja wakibishana bila "alisema" kutajwa. Roy Dotrice aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kutoa sauti 224 katika riwaya moja ya aina hii, na ni kazi ya kuheshimiwa, lakini mimi huridhika na msimulizi mwenye sauti kumi na mbili asiyezichanganya.

Anayetaka kuzoeza sikio kwa Kiswahili kwanza amwombe mtu amsomee kwa sauti Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Ni nchi ya angani, kuna mfalme, na Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kosa la kufundisha uanasheria. Sikio halipotei hata mara moja, kwa sababu kila jina ni tabia ya mwenye jina. Ukimaliza, iga mbinu hiyo kwenye kadi yako ya riwaya za kigeni: pembeni ya kila jina gumu andika jina la Kiswahili la tabia yake. Tarevina awe Subira. Yule mtunza hazina awe Hila.

Kabla ya juzuu ya pili, sikiliza tena dakika arobaini za mwisho za ile ya kwanza ukiwa na kadi mkononi. Angalia pia kama msimulizi amebadilishwa, jambo linalotokea mara nyingi kwenye mifululizo mirefu. Akibadilika, matamshi hubadilika naye, na mtu uliyemwandika Tarevina anaweza kurudi akiitwa Tarivaina. Jina la Subira halitaguswa.