Hizo risasi za rangi hazijaoza

"Fundi, risasi zako zimeoza." Nimelisikia hili hadi masikio yananiuma. Mtu akinunua kiboksi cha zamani cha risasi za rangi za milimita 2, yaani vile vijiti vya kuchorea vinavyotiwa ndani ya penseli ya kishikio, cha kwanza kikikatika tu, lawama zote ni za uzee wa risasi.

Risasi nyeusi ni grafaiti na udongo, na huchomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 1,000. Ugumu wake umetoka huko. Ya rangi haichomwi hivyo, maana rangi yenyewe ingeungua. Ni unga wa rangi, udongo mweupe, gundi na nta, vikakaushwa. Ilitoka kiwandani ikiwa laini. Sasa mtu anaitia kwenye Fixpencil ya Caran d'Ache, kishikio kilichobuniwa 1929, anaitoa sentimita nzima nje ya meno yanayoibana, halafu anakandamiza kama anachimba kisima. Hata ya jana itakatika! Toa milimita tatu. Laza mkono, pitisha rangi tabaka juu ya tabaka. Na kile kichongeo cha kuzungusha cha risasi nyeusi kiacheni, jamani: nta hukiziba, risasi inajisokota humo mpaka inavunjika. Kipande cha msasa kinatosha, nami sitaacha kulisema hili.

Ule utando mweupe juu yake si kuvu. Ni nta imepanda. Futa kwa kitambaa laini.

Ikipita kwenye kishikio na kudondoka, usikimbilie kusema meno yameisha. Penseli nyingi za zamani za Marekani zilitumia risasi ya milimita 1.18, na hiyo kishikio cha 2 hakiishiki. Pima kwanza.

Ile risasi ya bluu hafifu nayo haijapauka. Ilitengenezwa hivyo makusudi, ili kamera za wachapaji zisiione, na mchoraji asihangaike kufuta mistari ya mwanzo. Kufuta kwenyewe ni kazi: risasi yenye nta nyingi huacha doa hata ukisugua na raba hadi karatasi itoboke. Jaribu pembeni kabla hujachora.

Mwisho, risasi ya zambarau ya kunakilia maandishi. Kuna wanaoilamba wakidhani ndiyo inavyotumika, kwa kuwa wazee walifanya hivyo. Ina rangi ya anilini, ni sumu, na kipande chake kikiingia jichoni kinaweza kuliharibu vibaya. Ukitaka ikolee, lowesha karatasi kwa brashi.