Je, wajua kwa nini mkono wa kulia haupaswi kuling'ang'ania gongo?

Mtazame mchezaji wa mpira wa magongo anaposubiri filimbi. Gongo lake lina urefu wa karibu mita moja, lakini limevishwa gripu, yaani utepe wa kushikia, juu tu, shubiri mbili hivi kutoka mwisho wa mpini. Kutoka hapo kwenda chini ni fimbo tupu, laini, inayong'aa mpaka kwenye kichwa kilichopinda. Mkono wa kushoto uko juu kabisa, umekaza. Mkono wa kulia, huo tunaolia chakula na kufanyia kila kazi ya nguvu, umetua kwenye mpaka wa gripu na umelegea, kama wa mtu aliyeshika kikombe cha kahawa ya moto.

Kwa nini mkono wenye nguvu ndio umelegezwa, na kwa nini sehemu yake ndiyo imeachwa bila utepe?

Mimi nililijibu swali hili vibaya kwa karibu mwaka mzima, na kwa bidii. Nikiwa kidato cha pili hapa Mombasa nilirithi gongo kuukuu ambalo gripu yake ilikuwa imebaki nyuzi. Ilikuwa Februari, kaskazi, wakati ambapo jasho la Mombasa halikauki bali hutiririka tu. Siku moja gongo likaniponyoka mara mbili, na mara ya pili lilipita karibu na sikio la golikipa wetu wenyewe. Nikaona dawa yake ni moja. Nikaenda kwa fundi wa baiskeli, akanipa tyubu mbovu, nikaikata mikanda mirefu na kuizungusha kuanzia juu hadi karibu na mkunjo. Juu yake nikapiga tepu nyeusi ya stima, roli mbili nzima. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: gongo linateleza, basi lipewe mnato, mkono wa kulia una nguvu zaidi, basi upewe mnato zaidi.

Likawa halitelezi kweli. Halikuwa linafanya jambo jingine lolote pia. Mpira ukija kushotoni mwangu, nikitaka kuligeuza gongo niuvute, lilikwama nusu ya njia, mpira ukagonga mgongo wa gongo, filimbi ikalia. Baada ya wiki mbili nikawa na malengelenge, yote kwenye kiganja cha kulia, hasa pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwalimu wa michezo alilishika lile gongo langu, akalipima uzito mkononi, akasema tu, "Hili ni la kufukuzia mbwa."

Sababu iko kwenye umbo la gongo lenyewe. Upande mmoja wa kichwa, wa kushoto, ni bapa. Upande wa pili umeviringana. Sheria zinakuruhusu kuucheza mpira kwa ubapa na kingo zake, si kwa mgongo ulioviringana. Tena hakuna gongo la wanaotumia mkono wa kushoto linaloruhusiwa: magongo yote halali yana ubapa upande uleule. Kwa hiyo mpira ukiwa kuliani mwako, ubapa unautazama bila shida. Ukiwa kushotoni, lazima gongo zima lizunguke nusu mduara, kichwa kichungulie chini, ubapa ugeukie kulia. Mchezaji anayekimbia na mpira akiuyumbisha kulia na kushoto hulizungusha hivyo tena na tena kwa hatua chache tu.

Kazi ya kulizungusha ni ya nani? Hapo ndipo nilipokosea, na nimekutana na watu wazima wanaokosea palepale. Simama usiku kwenye jiko la mishikaki uangalie vidole vya muuzaji. Haishiki nyama. Hashiki hata katikati ya kijiti. Anabana mkia wake kwa vidole viwili na kuupindua, na kijiti chote, pamoja na vipande vyake vya nyama, kinageuka mara moja. Upande wa pili kijiti kimelala juu ya ukingo wa jiko. Ukingo unakibeba kisianguke kwenye makaa, lakini haukizuii kuzunguka. Sasa fikiria kijiti kimegandia kwenye ukingo kwa mafuta yaliyokauka. Muuzaji atapindua mkia, kijiti kitagoma, na akilazimisha ama kitavunjika ama atalichubua jiko.

Mkono wa kushoto ni vile vidole viwili, na wa kulia ni ukingo wa jiko. Wa kushoto hupindua. Wa kulia hubeba uzito, huelekeza, na huliacha gongo lizunguke ndani yake kana kwamba limepita kwenye pete. Mimi na tyubu yangu nilikuwa nimeligandisha gongo kwenye jiko, na kilichochubuka kilikuwa ngozi yangu.

Mkono wa kulia una kazi nyingine inayodai ulaini: huhama. Unapokokota mpira huteremka hadi katikati ya gongo, na unapotaka kupiga kwa nguvu hupanda kukutana na wa kushoto juu, mikono yote miwili ndani ya gripu. Safari hiyo huchukua muda wa kupepesa macho. Jaribu kuifanya juu ya tepu ya stima iliyolowa jasho. Wapo wachezaji wazuri wanaoipeleka gripu chini zaidi ya shubiri mbili, na wapo wanaoifupisha; urefu wenyewe ni mazoea ya mtu. Lakini hata hao wa gripu ndefu hawaufungi kiganja cha kulia.

Niongeze aibu moja. Wazo la kufunga tepu hadi chini sikulitoa kichwani peke yangu. Nililitoa kwenye picha ya gazeti, mchezaji mwenye tepu nyeusi kichwani mwa gongo lake. Sikugundua kwamba alikuwa amesimama juu ya barafu. Hoki ya barafu ni mchezo mwingine: wanavaa glavu nene, mpini una pembe na hauzungushwi hivi, na wanafunga kifundo cha tepu juu kabisa ili gongo lisiponyoke mkononi. Tepu ya chini husaidia kukishika kile kisahani cha mpira na kupunguza mshtuko wake. Ukitafuta mtandaoni namna ya kufunga tepu kwenye gongo, mafunzo mengi utakayopata ni ya huko, na kijana wa mtaa wa Tudor au Majengo hapa Mombasa atayafuata hatua kwa hatua na kujiharibia gongo kama mimi.

Lile langu, kwa njia, lisingeruhusiwa kwenye mechi yoyote ya maana. Kanuni zinataka gongo, pamoja na chochote lilichofungwa, lipite kwenye pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 51, na uzito usizidi gramu 737. Milimita 51 ni kama bangili ya mtoto mdogo. Langu lilikuwa limenenepa kama mchi.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Kenya ilimaliza ya sita Olimpiki ya Tokyo 1964, na ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Enzi hizo vichwa vya magongo vilikuwa vya mti wa mforosadi na mipini ya henzirani, mingi ikitoka India na Pakistan. Siku hizi ni nyuzi za kaboni na za kioo. Mti umebadilika, jasho ni lilelile.

Na jasho nalo nilikuwa nimelielewa kinyume. Nilidhani mkono mkavu ndio unaoshika. Mwangalie mwenye duka akihesabu noti: hulamba kidole kwanza. Ngozi kavu ni ngumu, na hukigusa kitu kwa vilele vya mistari yake tu. Ikipata unyevu kidogo hulainika, ikatandaa kama donge la chapati lililobonyezwa, na eneo linalogusana likaongezeka. Hapo ndipo mnato unapozaliwa. Lakini mwenye duka huyohuyo, akitoka kuosha vyombo na mikono inachuruzika, noti zitamshinda, kwa sababu maji yakizidi hukaa katikati kama utando na kuvitenga vitu viwili. Kwa hiyo mkavu hushika kidogo, wenye unyevu hushika sana, uliolowa chapachapa huteleza. Mpaka kati ya wa pili na wa tatu hutofautiana kwa ngozi na kwa aina ya gripu.

Ndiyo maana kwa hali ya hewa ya pwani napendelea gripu ya taulo au ya ngozi laini ile ya kufutia magari. Hizi hunywa maji ya ziada na kukuachia ule unyevu wa katikati. Gripu ya mpira laini wa kunata ni tamu dukani na tamu dakika kumi za kwanza, kisha hapa Mombasa haina pa kulipeleka jasho, ikageuka sabuni. Mtu wa Eldoret anaweza kunibishia, na kwa hewa ya kwao, yenye baridi na kavu zaidi, atakuwa sahihi.

Kufunga kwenyewe hakuna siri kubwa. Toa gripu ya zamani yote, pamoja na gundi yake. Anza juu, vuta utepe mpaka uhisi umekaza, kila mzunguko ulalie ule uliotangulia kidogo kama makuti yanavyolaliana. Wengine huanzia chini, na mjadala huo ni wa mabarazani zaidi kuliko wa vipimo. Malizia kwa tepu ya stima, mizunguko miwili. Si roli mbili.

Pale uwanjani tulikuwa na mzee mmoja aliyecheza nafasi ya beki hadi mvi zikamjaa. Kabla ya mechi alikuwa akichovya vidole kwenye ndoo ya maji ya kunywa, anainyunyizia gripu yake ya ngozi, anaikamua kwa kiganja, kisha anaifuta mara moja kwenye kaptula. Sisi tuliokuwa tukijipaka vumbi viganjani ili vikauke tulimcheka wazi. Halafu hulishika gongo kwa mkono wa kushoto, huulegeza wa kulia, na kulizungusha mara tatu hewani. Likizunguka bila kwikwi, huingia uwanjani. Likikwama, hurudi kwenye ndoo.