Linux kwenye laptopu ya kazi: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kwa fundi kompyuta ninakopitia jioni hapa Mtwara mjini swali ni moja: mashine yangu imekataa Windows 11, nifanyeje? Nyingi ni za mtumba, na hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11. Mtu akitaja Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, ubishi unaanza. Mimi ni mhasibu, si fundi, ila nimeifanyia kazi misimu miwili ya korosho. Ninayoyasikia ni haya.

"Ile ni ya wataalamu, unaandika amri kwenye skrini nyeusi."
Ilikuwa hivyo zamani. Linus Torvalds alipoianza mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, hakuwa anamfikiria karani wa ghala. Leo ukiwasha Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, unakuta menyu kona ya chini kushoto, saa kulia, mafaili yako katikati. Na simu yako ya Android inaendeshwa na kiini hichohicho cha Linux. Umeiandikia amri lini?

"Cha bure hakina ubora."
Linux ni ya chanzo huria, maana yake msimbo uko wazi: anayetaka ausome, aubadilishe, augawe. Kampuni kama Red Hat na Canonical zinapata fedha kwa kuuza huduma na matengenezo. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikitumia Linux, zote, tangu mwaka 2017. Hoja hii hunichekesha zaidi ikitoka kwa mtu ambaye Windows yake imepigwa kwa ufunguo wa kuokota.

"Mafaili ya Word na Excel hayatafunguka."
Yanafunguka. Tabu iko kwingine, na mimi ilinikuta mbele ya bosi. Nilipokea barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Word, nikabadilisha tarehe tu, nikaichapa. Zikatoka kurasa tatu. Ya tatu ilikuwa nyeupe tupu, ina jina la meneja na mstari wa sahihi, basi.

Barua ile ilikuwa ya fonti ya Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft. Mimi nilikuwa nimeweka Linux nyepesi isiyo na fonti za ziada, kwa hiyo LibreOffice, programu ya bure ninayoitumia badala ya Word na Excel, ikachukua fonti nyingine yenye herufi pana, mistari ikasukumana. Dawa yake ni fonti inayoitwa Carlito, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na Calibri. Kwa Times New Roman ipo Liberation Serif. Nilipoweka Carlito, sahihi ikarudi ukurasa wa pili mahali pake. Siku hizi barua iliyokamilika naituma kwa PDF, haichezi.

Upande wa Excel, fomula za kujumlisha na kutafuta hazijanisumbua. Zinazogoma ni makro. Kama orodha yako ya malipo ya wakulima ina vitufe ambavyo ukibonyeza vinapiga hesabu zenyewe, ijaribu kwanza kwenye LibreOffice, tena kabla ya minada kuanza. Na kama ofisi yenu inategemea programu ya uhasibu iliyotengenezewa Windows pekee, usiifute Windows. Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, huendesha baadhi yake, lakini mimi siwezi kuiachia mishahara ya watu.

"Linux haipati virusi."
Huu uongo tunaueneza sisi tunaoipenda. Ni kweli flashi ikitoka steshenari imejaa virusi vya Windows, kwenye Linux kwa kawaida vinalala tu kama mafaili mengine. Ila ukimpa mwenzako flashi ileile, vinaamkia kwake. Na ukiandika nywila yako kwenye tovuti ya matapeli, hakuna mfumo endeshi utakaokuokoa.

"Mashine kuukuu itakuwa mpya."
Inategemea. Mara nyingi kinachochelewesha ni hadidiski ya kuzunguka. Weka SSD, diski isiyozunguka, chagua Linux yenye eneo-kazi jepesi kama Xfce, na rami ya GB 4 itakufikisha. Usifungue tu vichupo ishirini vya intaneti.

"Unabadilisha chochote unachotaka."
Hii ni kweli, na ndiyo mtego wenyewe. Nimewahi kumaliza Jumamosi nzima nachagua rangi za ikoni huku hesabu za mwezi zikinisubiri. Halafu laptopu ya ofisi si yako: omba ruhusa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, hakikisha ufunguo wa kuifungulia unao mkononi kabla hujagusa kitu.

Kujaribu hakuhitaji kufuta chochote. Faili la Mint ni kama GB 3, lipakue bando likiwa na nafuu, liandike kwenye flashi tupu ya GB 8, kisha iwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo. Angalia waifai, sauti, printa, na lile faili moja ambalo bila hilo hakuna kazi. Rafiki yangu wa Mikindani alifanya hivyo. Vyote vilikubali isipokuwa printa ya lesa ya ofisini kwao, ambayo walioitengeneza hawakuitolea draiva, yaani programu ya kuiendesha, ya Linux. Akachomoa flashi, akarudi kwenye Windows yake, na sasa ameandika dokezo la kuomba printa nyingine.