Saa ya kwenye tyubu si umri wa kiinitete

Bado zinachapishwa grafu za ukuaji wa viinitete vya nzi wa matunda ambazo mhimili wake wa muda ni saa zilizoandikwa kwenye tyubu za maabara. Saa hizo zinasema mayai yalikusanywa lini, basi! Nzi jike wa matunda huweza kulibana tumboni yai lililokwisha kurutubishwa, kwa hiyo kundi la "saa 1" hubeba pia viinitete vilivyotangulia mbali. Tena, ukuaji unaochukua saa 24 kwa nyuzi 25 huchukua karibu mara mbili kwa nyuzi 18. Pima RNA (nakala zinazotolewa na jeni zikifanya kazi) ya kiinitete kimoja kimoja, uache jeni zivipange foleni kwa hatua ya ukuaji.

Kupanga kwenyewe si kugumu. Sawazisha hesabu za RNA za kila jeni, zigeuze kuwa logi, baki na jeni elfu moja au mbili zinazobadilika zaidi, fanya uchanganuzi wa vijenzi vikuu, yaani hesabu inayokusanya tofauti za jeni zote kwenye mihimili michache. Kila kiinitete huwa nukta moja, na mara nyingi nukta hukaa kama upinde. Tafuta njia fupi inayozipitia zote. Upande upi ni mwanzo? Njia haisemi. Tazama mRNA za mama (RNA ambazo jike huziweka ndani ya yai), kama ile ya jeni bicoid: zinakoishia ndiko mbele.

Kinachoudhi ni imani kwamba kijenzi cha kwanza ndicho muda. Kijenzi cha kwanza ni tofauti kubwa kuliko zote katika data, iwe imeletwa na ukuaji, bechi (kundi la sampuli zilizoandaliwa pamoja), jinsia au RNA iliyooza. Hata pale kinapofuata ukuaji, kuna mtego: mRNA za mama zikibomolewa, zilizobaki huonekana kupanda kwa sababu tu mgawo wao wa jumla umekua, ilhali hakuna jeni iliyowashwa. Ongeza RNA ya nje ya kiasi kinachojulikana kabla ya kuitoa RNA kwenye kiinitete, usawazishe kwa hiyo. Yai lisilorutubishwa nalo hubomoa sehemu ya mRNA za mama, likasogea mbele kwenye foleni bila kuwa na kiinitete ndani. Lisakwe kwa jeni zinazowashwa na kiinitete chenyewe tu, zikikosekana, litoe.

Foleni ni nafasi, si saa. Umbali kati ya nukta mbili hupima kiasi cha mabadiliko katika utendaji wa jeni. Rudia upangaji kwa jeni zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Majirani wanaobadilishana nafasi kila mara wape daraja moja.

Shaka kubwa ipo kwa viinitete vyenye jeni iliyoharibiwa: vimechelewa, au vimejengwa kwa namna nyingine? Foleni moja haitofautishi. Panga kwa jeni za misuli peke yake, kisha za neva peke yake. Zikikubaliana, kuchelewa kunaaminika; zikiachana, kiinitete hicho hakina hatua moja ya kukipa.